Matairi Niliyomchagulia Mutua

Mtoto wa dada yangu alinipigia simu juzi akaniomba niende naye dukani kuchagua baiskeli. Siku hizi yeye na wenzake hutoka mjini Jumamosi asubuhi, wakaifuata lami mpaka inapokatika, wakaingia murram, yaani njia ya udongo na kokoto, na jioni wakarudi na vumbi hadi kwenye kope. Alitaka kitu cha kumfaa kote kuwili. Tulipofungua mlango wa duka, harufu ya raba mpya ilinipokea, kali na yenye utamu kidogo, nami nikasimama pale kizingitini mpaka akaniuliza kama ninaumwa.

Sikuwa naumwa. Nilimweleza anachopaswa kujua, kama ninavyopenda kueleza. Usianze na rangi, nilimwambia, anza na njia utakayopita. Tairi jembamba lililojaa upepo hukimbia vizuri juu ya lami, lakini kwenye kokoto hudunda, likaumia na kukuumiza. Tairi pana huhitaji upepo mpole. Hulala juu ya kokoto na kuzimeza, ila lami ndefu itakuchosha nalo. Mtu wa njia mbili achukue la katikati. Tena asisahau kutazama nafasi iliyobaki kati ya tairi na uma unaolishika, kwa maana siku ya matope nafasi hiyo ndiyo itakayoamua kama atarudi nyumbani amepanda au anasukuma.

Aliandika yote kwenye simu yake. Akasema, "Anti, wewe unaeleza mpaka mtu anashiba." Nikacheka. Sikumwambia kwamba mtu wa kwanza niliyemweleza habari za matairi, nilimweleza ili aumie.

Baba yangu alikuwa msoma mita za maji. Tuliishi mtaa wa Jericho, katika nyumba ya vyumba viwili, na baiskeli yake ilikuwa na nafasi yake ndani kama mtu wa tatu wa chumba cha mbele. Ilikuwa nyeusi, nzito, yenye madigadi mapana ya kukinga matope na keria ya chuma nyuma. Kazi yake ilimpitisha kila aina ya njia: lami ya Jogoo Road, vichochoro vya changarawe nyuma ya nyumba, na njia za udongo mweusi kule nje ambako mji ulikuwa haujafika. Kila Jumamosi alasiri aliipindua kichwa chini miguu juu mbele ya mlango, akanishikisha spana, akaanza somo.

"Bonyeza," angesema, nami ningebonyeza tairi kwa kidole gumba. "Unasikia nini?"

Nilijifunza kusikia kwa kidole. Nilijifunza kusoma namba zilizochorwa ubavuni mwa tairi, ya kwanza ikiwa kimo cha gurudumu na ya pili upana wa tairi. Alinifundisha kwamba tairi lina hali tatu, ya lami, ya vumbi na ya matope, na kila hali ina dawa yake. Mafunzo ya lami na ya vumbi niliyashika barabara. Alipofika kwenye matope, kwa kawaida Mama alikuwa ameshaita chai, na akili yangu ilikuwa imeshaingia ndani na kuketi mezani. Kama watoto wote, niliamini kuwa kile nisichokisikiliza hakina umuhimu.

Mdogo wangu Simiyu alikaa kando yetu kwenye kibao chake. Polio ilikuwa imemshika akiwa mchanga, na mguu wake wa kulia ulivaa vyuma vilivyofungwa kwa mikanda ya ngozi. Kazi yake ilikuwa pancha. Baba alimwekea karai la maji, naye angezamisha tyubu kidogo kidogo mpaka mapovu yamwonyeshe tundu, akalikwaruza kwa msasa, akapaka gundi ya solusheni, akasubiri ikauke bila haraka yoyote, akabandika kiraka. Alikuwa na miaka tisa na viraka vyake havikubanduka. Kuendesha baiskeli ndiko hakukuweza, na hilo lilimla. Yeyote aliyekuwa na baiskeli mtaani, Simiyu alimfuata kwa macho mpaka kona.

Aliyefuatwa zaidi ni Mutua. Baba yake alikuwa dereva wa meneja mmoja wa kiwanda Industrial Area, na meneja alipoondoka nchini aliwaachia baiskeli ya mbio: nyekundu, nyepesi, isiyo na madigadi, usukani umepinda kama pembe za kondoo. Aliwaachia pia jozi mbili za matairi. Mutua alikuwa na miaka kumi na mitano na alitawala uwanja wa mbele ya ukumbi wa mtaa. Aliamua nani apewe raundi na nani asimame. Aliposema jambo lichekwe, lilichekwa.

Siku moja alimwita Simiyu. Alimwambia leo ni zamu yake, apande kwenye fremu, amwonyeshe dunia. Nilimwona ndugu yangu akipita amekaa ubavu, vyuma vyake vikimeta juani, uso wake umefunguka kwa furaha ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Nikampungia mkono. Bado nakumbuka kwamba nilimpungia mkono.

Alirudi jua linazama, peke yake, kwa miguu. Mikanda ilikuwa imemla ngozi mpaka soksi ikashikamana na damu. Alimwambia Mama kwamba alianguka. Mimi alinieleza baadaye, amegeukia ukuta. Mutua alikuwa amempeleka mpaka machimbo ya mawe ya Njiru, nje ya mji, akamshusha, akamwambia sasa tuone kama vyuma vinakimbia. Wavulana wengine wawili walikuwa wamefuata nyuma na baiskeli zao. Walicheka, wakaondoka. Simiyu alidhani wangegeuka wakifika kwenye kona, kwa hiyo alisimama akingoja. Alingoja sana kabla ya kuanza kutembea.

"Usimwambie Baba," alisema.

"Kwa nini?"

"Ataenda kwao aongee. Halafu watanicheka pia kwa hilo."

Sikumwambia Baba. Lakini tangu jioni ile nilikuwa na haja moja tu duniani, nami nilikwenda nayo shuleni na kurudi nayo: nilitaka kumwona Mutua akirudi kutoka Njiru kwa miguu, watu wakimtazama.

Nafasi ilikuja yenyewe, tena ikibisha hodi. Kila Jumatatu ya Pasaka vijana wa mtaa walishindana kutoka ukumbini mpaka daraja la Njiru na kurudi. Nusu ya njia ilikuwa lami, nusu murram. Siku chache kabla yake Mutua alikuja mlangoni kwetu akiwa amebeba matairi yote manne mabegani kama shanga za jitu.

"Sasa, mtoto wa Mzee Mita," alisema. "Wasee wanasema unajua hizi vitu kuliko hata fundi. Nifunge gani? Hii nyembamba ama hii nono ya meno?"

Simiyu alikuwa shuleni kwa mazoezi ya kwaya. Baba alikuwa kazini. Nilikuwa peke yangu na adui yangu, naye alikuwa ameniletea shingo yake mwenyewe.

Nilimkaribisha akae kwenye ngazi, nikaanza kumfundisha. Nataka uelewe kwamba sikumdanganya kwa pupa. Nilimweleza kwa upole, jambo moja baada ya jingine, nikimsubiri aelewe. Nilimwambia aguse tairi jembamba aone lilivyo laini, bila meno ya kushika chini. Nilimwambia kila jino ni mkono unaokushika ukikimbia. Nilimwambia ajaze upepo mpaka kidole kisiingie hata kidogo, kwa sababu tairi gumu halichoki.

"Na murram?" aliuliza. Hakuwa mjinga.

"Murram utaivuka ukiwa na kasi ya lami," nilimwambia. "Utakuwa umewaacha mbali kabla hawajafika huko."

Alinitazama kwa heshima. Aliondoka akipiga mluzi, nami nikakaa kwenye ngazi ile nikichekelea. Nilishaona yote: rimu iliyopinda kwenye jiwe, tyubu iliyopasuka, na Mutua na baiskeli yake begani.

Jumatatu ile niliomba baiskeli ya Baba. Nilikuwa bado nikipitisha mguu katikati ya fremu ili kufikia pedali ya pili, lakini nilijua kumbeba Simiyu kwenye keria. Tulikwenda mpaka lami inapokatikia, tukakaa juu ya kalvati, kidaraja cha mtaro. Simiyu hakuwa akijua kitu. Nilitaka aone kwa macho yake. Wavulana walitupita kwa kundi, Mutua mbele, matairi yake membamba yakilia kama nyuki. Wakatumbukia kwenye murram, vumbi likawafunika.

Kisha mvua ikaja. Haikuanza kwa manyunyu. Ilitoka upande wa Athi ikitembea kama ukuta, ikatupiga, na kwa muda ambao ungetosha kuchemsha chai njia ile yote ilikuwa imebadilika rangi. Mimi nilifurahi hata kwa mvua. Nilidhani inaniongezea.

Wa kwanza kutokea ni Mutua. Alikuwa amepanda. Alikuwa na matope mpaka masikioni, na magurudumu yake yalizunguka. Tairi lake jembamba lilikata udongo kama kisu, na kwa kuwa hakukuwa na madigadi, matope yalianguka yenyewe. Nyuma yake, mbali sana, wenzake walionekana mmoja mmoja. Udongo mweusi ulikuwa umejishindilia kati ya matairi yao mapana na madigadi mpaka magurudumu yakagoma kabisa. Walitembea na baiskeli begani, wakiteleza. Lile somo la tatu la Baba, lile la saa ya chai, lilikuwa limesimama mbele yangu.

Mutua alifunga breki mbele ya kalvati. Alikuwa akicheka kwa furaha halisi.

"Nafula, asante," alisema. "Ni wewe umenishindisha. Ningefunga zile nono ningekuwa huko na hao."

Akaenda zake. Sikuthubutu kugeuka. Nilisikia mvua ikigonga vyuma vya mguu wa Simiyu.

"Ulimsaidia?" aliuliza.

Nilimweleza. Nilieleza kuliko nilivyowahi kueleza jambo lolote maishani: kwamba nilitaka aanguke, kwamba nilichagua vibaya makusudi, kwamba mvua ndiyo iliyogeuza. Na kila nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama uongo. Nani husaidia mtu ili kumwangusha? Simiyu alipanda keria. Tulikwenda hivyo mpaka nyumbani, mikono yake ikiwa imeshika chuma cha kiti badala ya kiuno changu.

Hakunisemesha kwa wiki nyingi. Alizungumza nami ilipobidi, juu ya chumvi au ufunguo. Jumamosi aliketi upande wa pili wa baiskeli. Nilikuwa nimempoteza ndugu yangu, na niliyempotezea ndiye aliyekuwa akishangiliwa mtaani. Sijui kama umewahi kuona mtu unayemchukia akinenepa kwa chakula ulichompikia. Mimi nilimwona kila jioni mbele ya ukumbi, amekanyaga pedali moja, akiwafundisha wenzake. Maneno yalikuwa yangu, neno kwa neno. Kila jino ni mkono unaokushika. Tairi gumu halichoki. Hakuwahi kutaja alikoyatoa. Yalikuwa tayari hekima yake.

Basi wavulana wakafanya kosa ambalo nadhani lingeweza kufanyika mtaani kwetu tu. Walitaka matairi laini kama ya Mutua, lakini rimu zao nzito hazikuwa za matairi membamba. Fundi wa baiskeli karibu na soko alikuwa na rundo la matairi yaliyozeeka, yaliyosagika mpaka yakawa vipara, ambayo alikuwa akiyakata kutengeneza viatu vya akala. Wakamwendea wakamwomba wabadilishane. Walimpa matairi yao mazima yenye meno, nao wakaondoka na vipara, wakang'oa madigadi, wakajaza upepo mpaka pampu ikagoma. Fundi aliyapokea matairi yale kwa uso mzito, kama mtu anayelazimishwa kutoa msaada. Alifunga kibanda mapema siku ile.

Baba aliwaona wakipita. Alisimama na kikombe mkononi, akatazama magurudumu yale yanayong'aa, akauliza kwa upole, "Hawa ni nani aliyewafundisha?"

Nilinyamaza. Mtu wa kueleza kama mimi, nilinyamaza. Nilipoinua macho nikamkuta Simiyu ananitazama kutoka upande wa pili wa karai. Aliangalia njia walikopita, akanitazama tena. Mdomo wake ukaanza kucheza. Kisha akacheka, mpaka Baba akamuuliza ana nini, naye akasema ni mapovu tu.

Usiku tulipolala aliniita kwa sauti ya chini. "Nafu. Usiwaambie."

"Siwaambii," nilisema.

Nilikuwa nimempata tena. Sikujua kama alikuwa ameniamini au alikuwa ameamua tu, na sikuuliza.

Mvua zikaisha. Udongo ukakauka, ukapasuka, ukawa vumbi, na kwenye vumbi mbigili zikaota na kuiva, zile zenye miiba mitatu ambayo haijali imeangukaje, mwiba mmoja lazima utazame juu. Katika miezi hiyo familia ya akina Mutua ilihamia mtaa wa Baba Dogo, ambako baba yake alipata kazi mpya na nyumba ya wafanyakazi. Lakini kila Jumamosi Mutua alirudi kwetu, kwa maana huko Baba Dogo alikuwa kijana mwenye baiskeli nyekundu tu, na kwetu alikuwa mwalimu.

Jumamosi moja aliwaongoza mpaka Njiru. Walikuwa saba. Tuliwaona wakiondoka asubuhi, vipara vikilia juu ya lami, na sote wawili tukajua, mimi na Simiyu, jinsi mtu anavyojua sufuria iko karibu kufurika. Simiyu alijaza karai. Alikata viraka kutoka tyubu kuukuu, akavipanga kwenye gazeti. Halafu tukangoja.

Walirudi alasiri. Walitembea katikati ya barabara kwa sababu walikuwa wamechoka kuchagua upande. Karibu kila mmoja alisukuma baiskeli iliyolala chini kwenye rimu zake. Mmoja alibeba yake kichwani kama kuni. Akina mama waliokuwa wakianua nguo walisimama. Watoto wadogo waliwafuata wakihesabu magurudumu bapa. Mwishoni kabisa alikuja Mutua, na gurudumu lake la mbele lilikuwa limepinda hivi kwamba lilichechemea. Ningependa kukuambia kwamba niliona huruma. Nilihisi jua limeniingia kifuani.

Walikuja moja kwa moja mlangoni kwetu, kwa kuwa kila mtu alijua viraka vya Simiyu. Aliwaambia wapange foleni. Wawili kati yao ndio wale waliocheka machimboni. Aliwafanyia kama wengine, bila kuwatazama. Tyubu ndani ya maji, mapovu, msasa, solusheni, subira, kiraka. Mwiba mmoja mmoja aliuchomoa na kuuweka kwenye gazeti. Sita waliondoka, naye Mutua akasogea mbele, akaiinamisha baiskeli yake mbele ya ndugu yangu.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka nyuma ya paa la ukumbi. Simiyu alifuta mikono, akamwaga maji ya karai taratibu kwenye mtaro.

"Solusheni imeisha," alisema.

Mutua alitazama gazeti. Tyubu ya solusheni ilikuwa pale, imevimba, haijatumika hata nusu.

"Lakini hiyo hapo."

"Imeisha," alisema Simiyu.

Alisema kwa sauti ile ile aliyotumia kuomba chumvi. Mutua alimtazama, kisha akatazama vyuma vya mguu, na nadhani hapo ndipo alipokumbuka, kwa sababu hakubisha tena. Alinigeukia mimi. Alikuwa na macho ya mtu anayetaka aelezwe.

"Imeisha kweli," nilimwambia.

"Nafula, kwetu ni Baba Dogo."

Najua, nilisema. Nikasogea ukingoni mwa ngazi, nikainua mkono, nikamwelekeza kwa upole, nikimsubiri ashike kila jambo. Kwanza utafuata Jogoo Road mpaka mwisho. Kisha utaingia barabara ya Outering, uifuate mpaka Kariobangi, usidanganyike ukiona taa, hapo bado hujafika. Utashuka mpaka mtoni, uvuke, upande kile kilima, na ukishamaliza kilima ndipo utaanza kuona mabomba ya moshi ya viwanda. Nilimtajia kila kona na kila mteremko. Safari hii sikumficha hatua hata moja, kwa kuwa nilitaka ajue jinsi ilivyo mbali.